Vueni Mkanda Kwanza: Mota ya Mashine Kuukuu ya Kukereza Inapogoma

Haya ni maneno niliyowaambia mafundi na wanafunzi tulipokusanyika karakanani. Wako wenzetu ambao hawakufika, wakaomba nakala. Nimeyaweka kama nilivyoyasema. Michoro niliyobandika ukutani nimeiacha.

Ndugu mafundi, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mliokuwa mkikereza vyuma kabla mimi sijajua kushika tupa: shikamooni. Vijana, hamjambo?

Naomba mgeuze shingo kidogo. Mnaiona ile mashine pale pembeni, chini ya turubai? Ni mashine ya kukereza, kuukuu, chuma cha kweli. Nilipofika asubuhi wenyeji wetu walinipa habari zake kwa maneno mawili: "Mota imekufa." Sijaifunua. Tutaifunua pamoja. Kwa sasa nina swali moja tu. Nani aliyeipima maiti?

Maana kwetu sisi mafundi mota hufa upesi mno. Ikinguruma bila kuzunguka, imekufa. Ikikata ovalodi, ile swichi ya ulinzi inayokata umeme mota ikizidiwa, imekufa. Ikipata joto, imekufa. Inashushwa, inapelekwa kwa mfunga koili, na mfunga koili, Mungu ambariki, hakatai kazi. Koili nzima kabisa zinachomwa, zinang'olewa, zinafungwa mpya. Mota inarudi, inapandishwa, inawashwa. Inanguruma vilevile.

Mnacheka kwa sababu mmeshafanya. Na mimi nimeshafanya. Ndiyo maana nimekuja.

Mota hizi za kawaida hazina mambo mengi. Kuna steta isiyozunguka, yenye koili, na katikati kuna rota inayozunguka, ambayo hakuna waya unaoingia humo. Ni bati za chuma na fito za alumini au shaba zilizofungwa ncha zote mbili, mfano wa kizimba cha ndege. Nikola Tesla alipewa hataza za mota ya namna hii mwaka 1888, na mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akatengeneza ya fezi tatu, yaani ya umeme unaokuja kwa nyaya tatu kwa zamu, yenye rota ya kizimba. Ukimfungulia mmoja wao mota ya leo, ataitambua. Kitu kilichokaa hivyo zaidi ya miaka 130 hakifi ovyo.

Mashine yenyewe ndiyo yenye historia ndefu. Nyingi katika hizi kuukuu zilizaliwa bila mota. Karakana nzima ilikuwa na shafti moja ndefu darini, mikanda ya ngozi ikishuka kwa kila mashine. Baadaye akaja mtu akafunga kiti cha mota nyuma. Akaja mwingine akabadilisha swichi. Wa tatu akarefusha waya, wa nne akaweka puli aliyoikuta. Wewe leo unaitengeneza kazi ya watu wanne ambao hawakuwahi kuonana. Je, kosa lazima liwe kwenye mota?

Basi neno langu la kwanza leo, na la pili, na la tatu, ni hili: vueni mkanda kwanza.

Naona vijana wananong'onezana. Mkanda wa mashine, jamani. Suruali zenu zibaki.

Kuna mashine moja niliyoihudumia miaka mingi nyuma, nikiwa bado najiona mjuzi. Kila asubuhi ikiwashwa, mota inavuta kwa taabu, sekunde kumi, kumi na tano, kisha ovalodi inakata. Mchana ikishapata moto inafanya kazi, ingawa kwa shida. Nilifungua mota. Nikaosha koili, nikabadilisha beringi mbili, nikapaka vanishi. Kazi safi, nikajipongeza. Asubuhi yake: sekunde kumi na tano, ovalodi, kimya.

Mzee aliyenifundisha kazi akapita. Hakuuliza kitu. Alichomoa fyuzi, akazitia mfukoni mwake, akalegeza kiti cha mota, akavua mkanda, akaukunja na kuutundika kwenye msumari. Akarudisha fyuzi na kuwasha. Mota ikaruka na kuimba kama kinanda. Akazima. Kisha akashika chaki ya mashine, ile ya taya tatu inayoshika chuma cha kukereza, akajaribu kuizungusha kwa mkono mmoja. Haikwenda. Akashika kwa mikono miwili. Ilikwenda, lakini kama mtu anayegeuza jiwe la kusagia. Akanitazama, akasema, "Mota yako inabeba mlima, wewe unaipaka vanishi."

Kumbe mkerezaji alikuwa anapata mtetemo kwenye kazi zake, akaamua kuukomesha kwa kukaza beringi za spindo, ile shafti inayobeba chaki. Akakaza, akakaza tena. Asubuhi, mafuta yakiwa mazito kwa baridi, spindo ilikuwa karibu imeshikwa. Tulilegeza nati robo mzunguko. Sikuigusa mota tena.

Mnaona mkanda unavyogawa kesi? Mkanda ukiwa umevuliwa, mna upande wa mota na upande wa mashine, na kila upande unajibu peke yake. Mota ikizunguka vizuri bila mkanda, acha kuitukana. Nenda kwenye spindo, kwenye gia, kwenye mafuta, kwenye mkanda wenyewe. Mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa unakula beringi za mota na za spindo kwa mpigo. Mota ikigoma hata bila mkanda, hapo ndipo tunaanza kuihoji.

Tena chaki msiizungushe kwa mkono kama fyuzi hazimo mfukoni mwenu. Si kwenye meza. Mfukoni.

Sasa tuihoji. Malalamiko yanayoletwa zaidi ni yapi? Mota inanguruma, haizunguki. Hili nitakaa nalo kidogo, maana ndipo koili nyingi zisizo na hatia huchomwa.

Mota ya fezi moja ina ulemavu wa kuzaliwa. Koili yake kuu peke yake haiwezi kuianzisha. Inatoa nguvu ya sumaku inayokwenda na kurudi palepale, kushoto kulia, kushoto kulia, na rota inabaki katikati haijui iende wapi. Ndiyo ule mngurumo. Kwa hiyo inawekewa koili ya pili, ya kuwashia, yenye waya mwembamba zaidi, na kapasita, kikopo kinachoshika umeme, inayoitanguliza ile nguvu ili upande mmoja upate ushindi. Rota ikishashika kasi, robo tatu hivi ya mwendo wake, msaidizi hahitajiki tena. Kuna swichi ndani, kwenye shafti, yenye vyuma viwili na springi. Kasi inavitupa vile vyuma nje, swichi inafunguka, koili ya kuwashia inatoka kazini. Mota ikizimwa na kupungua mwendo, springi inarudisha swichi, tayari kwa safari nyingine.

Kwa hiyo ukisikia mngurumo bila mzunguko kwenye mota ya fezi moja, washukiwa ni watatu: kapasita, swichi ya kasi, koili ya kuwashia. Koili kuu si mshukiwa, maana ndiyo inayonguruma! Mbona basi tunaanza na yeye?

Namna ya kuthibitisha ni ya kale na haina gharama. Mkanda umevuliwa. Fyuzi ziko mfukoni. Zungushia kamba kwenye puli ya mota mara mbili tatu bila kufunga fundo, kama pia ya watoto. Rudisha fyuzi. Mwenzako asimame kwenye swichi. Vuta kamba, ikitoka puli ikiwa inazunguka, mwenzako awashe. Mota ikidaka na kupanda mwendo, kwenda upande ule ulioivutia, basi koili kuu ni nzima na rota ni nzima. Vuta upande wa pili, itadaka upande wa pili. Haina mapenzi na upande wowote. Mkono usiguse puli hata siku moja, na mikono ya shati ikunjwe. Isipodaka ndani ya sekunde mbili tatu, zima, maana mota iliyosimama na umeme ndani inajipika.

Nilikuwa na mota moja iliyotoka kwa mfunga koili mara mbili. Mara mbili! Mwenye mashine alikuja kwangu kunishtakia watu. Nikaivuta kwa kamba, ikadaka. Nikatoa kapasita, nikaipima: iliandikwa mikrofaradi 200, ilisoma karibu hiyohiyo. Nzima. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Swichi ya kasi ilikuwa pale na pointi zake mbili, na katikati ya pointi, nawaambieni, kulikuwa na kipande cha chuma. Uchafu wa kukereza, umejikunja kama unywele, rangi ya bluu ya joto, mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kiliingia kwenye tundu la hewa, mafuta yakakigandisha. Pointi hazikuweza kugusana. Nilikitoa kwa kibano, nikapitisha karatasi katikati ya pointi mpaka ikatoka safi.

Koili zilikuwa zimefungwa upya mara mbili kwa ajili ya kile kipande. Ninacho hadi leo kwenye kopo la skrubu.

Na mtajuaje swichi hiyo inafanya kazi bila kufungua? Tegeni sikio. Zimeni mota yenye afya, mkanda ukiwa umevuliwa, msikilize inavyopungua mwendo. Itashuka, itashuka, halafu mtasikia "tak!" Ndiyo springi inarudisha swichi. Mota isiyosema "tak" ina swichi iliyokwama. Imekwama wazi? Haitawaka tena. Imekwama imefungwa? Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inawaka vizuri kabisa, wewe unafurahi, na koili ya kuwashia inabaki kazini. Kapasita ya kuwashia imetengenezwa kwa sekunde chache tu. Ikibaki humo inavimba, inapasuka, inamwaga uchafu wake, na koili nyembamba inaifuata. Ukikuta kapasita imepasuka, usibadilishe kapasita ukaenda nyumbani. Iulize ni nani aliyeiua.

Kapasita yenyewe ina adabu zake. Inashika umeme hata baada ya fyuzi kutolewa. Wapo wanaoitoa umeme kwa bisibisi, cheche ikaruka, wakaona ni ushujaa. Inaharibu kapasita, inaharibu bisibisi, na siku moja itaharibu jicho. Tumieni rizista ya kiloohmu 20 ya wati 5, ishikeni na koleo lenye mpira, subirini nusu dakika, kisha hakikisheni kwa mita ya kupimia umeme. Mkibadilisha, mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile au zaidi. Na msiweke kapasita ya kuwashia mahali pa ile ya kukaa kazini muda wote. Zinafanana sura tu. Kapasita za mafuta za zamani sana, zile za kopo la chuma, zingine zina mafuta yenye sumu ambayo Marekani iliyapiga marufuku kutengenezwa mwaka 1979. Ikivuja, vaa glavu, usiioshe na petroli ukamwaga uani.

Kabla sijatoka hapo, kuna kisa cha kijana mmoja na mkono wa kurudi nyuma. Mashine yao ilikuwa na swichi ya ngoma, mbele, katikati, nyuma. Akawa anakata nyuzi za skrubu, akataka kurudisha kisu haraka. Akavuta mkono kutoka mbele moja kwa moja mpaka nyuma, bila kusubiri. Mashine ikaendelea mbele, haina habari. Akavuta tena. Mbele. Akaja kwangu: "Mwalimu, swichi imeoza." Alishanunua nyingine, akaifunga. Mbele.

Je, swichi ilikuwa mbovu? Hapana. Kumbukeni tulichosema: mota ya fezi moja huamua upande wake wakati wa kuwaka tu, koili ya kuwashia ikiwa kazini. Ikiwa mwendoni, koili hiyo iko nje, na koili kuu, kama tulivyoona kwenye kamba, inafuata upande inaoukuta. Lazima isimame, iseme "tak", ndipo uigeuze.

Sasa chukua kijana huyohuyo, mpe mashine ya fezi tatu. Hiyo inageuka palepale, bila kusubiri. Na mashine nyingi kuukuu zina chaki ya kukaza kwa nyuzi kwenye spindo. Unajua kinachotokea ukigeuza spindo ghafla? Chaki inabaki na mwendo wake, spindo inakimbia upande wa pili, nyuzi zinafunguka, na chuma cha kilo nyingi kinashuka kwenye reli kikizunguka. Nimeona alama yake kwenye reli ya mashine moja, kovu la upana wa vidole viwili. Aliyekuwa amesimama pale alikuwa ametoka kwenda kunywa maji.

Neno la pili. Umeme wenyewe mmeuhoji?

Karakana moja ilihamisha mashine kutoka jengo la mbele kwenda banda la nyuma. Mashine nzima, mota nzima, vilikuwa vinafanya kazi wiki iliyopita. Huko nyuma, mota inanguruma, inajivuta, inakata. Wakasema imeumia njiani. Nilipofika niliona waya wa kurefushia, mwembamba, umetoka jengo la mbele, na nusu yake bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Niliugusa, ulikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Wao walikuwa wamepima volti kwenye soketi. Volti 228, safi! Lakini walipima mota ikiwa imezimwa. Nikaweka mita kwenye vituo vya mota, pale nyaya zinapofungwa, nikawaambia washeni. Sindano ikaanguka mpaka 170.

Mota ikiwaka huvuta ampia mara tano hadi saba ya zile za kawaida. Waya mwembamba hauwezi, volti zinaporomoka. Na nguvu ya kuanza haipungui sawa na volti, inapungua kwa mraba wake. Volti zikibaki asilimia 90, nguvu ya kuanza inabaki 81. Zikibaki 80, inabaki 64. Kwenye 170 ile, mota ilikuwa na nguvu kidogo tu kuzidi nusu. Tulivuta waya mnene kutoka kwenye bodi, na mota "iliyoumia njiani" ikapona siku hiyohiyo. Pimeni volti kwenye mota, wakati inajaribu kuwaka. Kupima mota ikiwa imelala ni kumpima mgonjwa shinikizo la damu akiwa hayupo.

Na wenye fezi tatu, nanyi mna la kwenu. Fezi moja ikikatika mota iliyosimama haiwaki, inanguruma. Iliyo mwendoni inaendelea, na hapo ndipo hatari ilipo, maana fezi mbili zilizobaki zinabeba kazi ya tatu, ampia zinapanda mara 1.7 hivi, koili zinapikwa huku mkerezaji akiona mambo yanakwenda. Ovalodi iliyowekwa sawasawa itamwokoa. Ovalodi ambayo mtu aliipandisha "ili isisumbue" haitamwokoa. Mnawajua watu hao? Wengine wako humu ndani.

Lakini ninachotaka mkumbuke ni habari ya testa, ile bisibisi yenye taa. Niliitwa kwenye mashine ya fezi tatu, inanguruma tu. Fundi wa pale alikuwa amegusa vituo vyote vitatu vya mota kwa testa, swichi ikiwa imewashwa. Taa iliwaka vyote vitatu. Akasema umeme umetimia, mota ndiyo mbovu. Nikachukua mita, nikapima kati ya fezi na fezi. Ya kwanza na ya pili: 400. Ya kwanza na ya tatu: 200. Ya pili na ya tatu: 200. Fezi ya tatu haikuwepo. Fyuzi yake ilikuwa imekatika. Kilichowasha taa ni umeme wa fezi zile mbili uliopita ndani ya koili za mota yenyewe na kutokea upande wa tatu. Mota ilikuwa inaiwashia testa taa ya uongo.

Testa inakwambia pana umeme. Haikwambii umetoka wapi wala unatosha kiasi gani. Kwenye fezi tatu, pimeni kwa mita, fezi kwa fezi, na pimeni juu na chini ya kila fyuzi. Kisha kontakta, ile swichi inayofungwa kwa sumaku. Fungueni kifuniko mtazame pointi zake. Zikiwa na mashimo na moja imeliwa, badilisheni seti nzima. Msizipige tupa, mnaondoa fedha iliyopakwa juu, na baada ya mwezi mtarudi palepale.

Bamba la mota, kile kibati chenye maandishi ya volti na mwendo, nitalipitia upesi. Watu hulipaka rangi! Likwangueni. Mota iliyoandikwa 230/400 inafungwa delta kwenye volti 230 na staa kwenye 400; hizo ni namna mbili za kuunganisha koili. Ukiifunga delta kwenye 400 utasikia harufu kabla hujamaliza kukaza skrubu. Ukifunga staa ile iliyotakiwa delta, itazunguka vizuri bila mkanda, kisha ukiigusisha kisu inalala, maana ina theluthi ya nguvu zake. Hii ndiyo mara moja ambapo kuvua mkanda kunaweza kukudanganya, nakiri. Na mota yenye ncha nne za sumaku kwenye umeme wa hezi 50 inatakiwa kuzunguka karibu mara 1,430 kwa dakika ikiwa na mzigo. Ukikuta bamba linasema 1,725, hiyo iliundwa kwa hezi 60. Itazunguka polepole na kupata joto zaidi, na haina kosa.

Mnauliza kuhusu vile vifaa vya kisasa vinavyobadilisha fezi moja kuwa tatu na kurekebisha mwendo. Vizuri, ninavipenda. Lakini msiache ile swichi ya zamani ya ngoma katikati ya kifaa na mota. Ukiigeuza katikati ya kazi, kifaa kinakufa, na hicho kweli kinakufa.

La mwisho, joto na unyevu.

Mota za zamani zilikuwa kubwa na nzito kwa nguvu zake, insulesheni yake, yaani kinga ya koili, ni pamba na vanishi, kiwango chake mwisho nyuzi 105. Za sasa ni ndogo, zinavumilia 130, hata 155, na zinakwenda moto kwa makusudi. Kwa hiyo mota mpya ikiwa moto usiweze kushika, huenda ni tabia yake. Mota kuukuu ambayo miaka yote ulikuwa unaweka mkono juu yake, leo ikakuunguza, hiyo inakwambia kitu. Wanaofunga koili wana hesabu yao: kila nyuzi 10 zinazozidi, umri wa insulesheni unakatwa nusu. Angalieni tundu za hewa kwanza. Mimi nimetoa humo vumbi la chuma cha kutupa lililoganda na mafuta kiasi cha kujaza kopo. Na beringi zikibadilishwa, grisi ijaze theluthi mpaka nusu ya nafasi, basi. Mkijaza yote inachemka, inavuja, inaingia kwenye koili na kwenye ile swichi ya kasi, na tunarudi mwanzo.

Unyevu je? Mashine iliyolala miezi bila kazi ikiwashwa inaangusha swichi kuu, na ukigusa mwili wake vidole vinawashwa. Hapo hakuna mzaha, ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ikaguliwe kabla ya chochote. Kisha toeni kapasita na vifaa vyote vya elektroniki, mpime kwa mega, kipimo cha insulesheni, cha volti 500 kati ya koili na mwili. Chini ya megaohmu 1 mimi siiwashi. Lakini pia siipeleki kuchomwa. Niliwahi kupata 0.3 kwenye mota iliyokaa chini ya paa linalovuja. Niliifungua, nikaiweka ndani ya sanduku na balbu ya zamani ya wati 100, ile inayotoa joto kuliko mwanga, sanduku likiwa na tundu la kutolea mvuke. Siku ya kwanza ilishuka zaidi, mwenye mashine akakata tamaa. Siku ya tatu ilisoma 40. Kushuka kwanza ni kawaida: joto lenyewe huishusha insulesheni, na maji bado hayajatoka.

Ipo pia mota iliyokufa kweli. Ukifungua kifuniko, ile harufu ya vanishi iliyoungua ikakupokea mlangoni, koili nyeusi upande mmoja na kahawia upande mwingine, usipoteze siku. Kwenye fezi tatu, ukinzani wa koili tatu usipolingana, na moja imeachana mbali na wenzake, mfunga koili apate haki yake. Mwambieni tu achore mpangilio wa zamani kabla hajachoma.

Naona mkono wa nyuma pale umenyooka muda mrefu, na mzee wangu wa mstari wa mbele anatazama turubai kuliko anavyonitazama mimi. Haya. Maswali tutayaulizia huko huko. Wawili wanisaidie kutoa turubai, mmoja alete kamba, mmoja mita. Fyuzi nilizichomoa kabla hamjaingia, hizi hapa, ziko mfukoni. Spana ya kiti cha mota ni namba 17.

Nani anavua mkanda?